Mafuta Ndani ya Mtutu

Mwanamume akizidiwa na jirani hununa, akizidiwa na ndugu yake huhama. Akizidiwa na mkewe aende wapi? Moja-Tosha hakuwa na pa kwenda. Aliyemzidi alilala naye kitanda kimoja, alimpakulia chakula, na kibaya kuliko vyote, alifundishwa na yeye mwenyewe.

Jina la Moja-Tosha alipewa na wafanyakazi wa shamba la mahindi alikokuwa mwindaji. Kazi yake ilikuwa kuwazuia nguruwe pori wasimalize mahindi kabla ya wenyewe, na nguruwe aliyepigwa na yeye hakuhitaji risasi ya pili. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Akipita penye ghala mtu akamwita, alijifanya hakusikia ili aitwe tena.

Halafu mkewe akashika bunduki.

Haikuanza kwa ubaya. Pacha wao walipokwenda shule ya bweni, nyumba ilipooza, na Mama Pacha akasema hawezi kushinda anatazamana na masufuria. Akaanza kumfuata mumewe shambani, akimbebea mkebe wa risasi. Siku moja, kwa mzaha tu, Moja-Tosha alimpa bunduki alenge kopo lililowekwa juu ya kichuguu. Kopo likaruka. Akalisogeza mbali, likaruka tena. Moja-Tosha akacheka, akasema hiyo ni bahati ya mgeni, akaenda kuweka kifuniko cha chupa. Kifuniko kile hakijaonekana mpaka leo.

Alimfundisha kwa fahari, hilo tusimnyime. Alimfundisha kutoa pumzi nusu na kuizuia iliyobaki, kubana kifyatulio taratibu badala ya kukinyakua kama mtu anayechuma embe la wizi, na kutopiga hata siku moja kama haoni kilicho nyuma ya nguruwe. Alimwonyesha mahali penyewe, nyuma ya bega, chini kidogo. Meneja wa shamba alipoona yanayotokea, akamtafutia mama kibali chake. Jioni hizo mume na mke walirudi nyumbani wakibishana juu ya upepo na umbali, na ukiwasikia ungedhani ni wachumba.

Fahari ilidumu mpaka asubuhi ya trekta.

Dereva wa trekta alikuwa mdogo wake Mama Pacha, kijana wa maneno mengi, na utani wa mashemeji alikuwa ameugeuza kazi ya pili. Asubuhi hiyo alisimamisha trekta mbele ya ghala, watu wamejaa kwenye tela, akaita, "Moja-Tosha, njoo ukae mbele hapa."

Moja-Tosha akainua mguu apande.

"Aa, shemeji, wewe panda nyuma na mbwa," dereva akasema. "Namwita dada. Mwenye jina siku hizi ni yeye."

Tela zima likaangua kicheko. Mama Pacha naye akacheka, kidogo tu, akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Moja-Tosha akacheka kuwapita wote, akapanda nyuma, na mbwa mmoja akamlalia miguuni. Sisi tutaendelea kumwita Moja-Tosha, maana si uungwana kumnyang'anya mtu jina katikati ya hadithi yake. Lakini shambani, tangu siku hiyo, alikuwa mume wa Moja-Tosha, basi.

Wivu wa mapenzi una nafuu yake. Una mtu wa kumchukia, una mlango wa kuvizia. Wivu huu haukuwa na mwizi. Moja-Tosha alijikuta akimchukia mkewe kwa vitu vya ajabu: namna anavyokunja kanga kiunoni kabla ya kulenga, namna anavyookota ganda la risasi likiwa bado la moto na kulitia mfukoni bila kulitazama. Yeye mwenyewe aliokota hivyo hivyo, na kwake ndiko alikojifunzia mwanamke yule. Hilo ndilo lililomkera. Ilikuwa kama kuona mtu mwingine amevaa koti lako, na limemkaa vizuri kuliko wewe.

Akaanza kumwonea kijicho hata kwa mambo yasiyo na bunduki. Mtu akimsalimia mama kwanza, roho inamuuma. Mama akiukata mkate ukatoka sawasawa, roho inamuuma. Usiku alimsikia akihema taratibu usingizini, akawaza kwamba hata pumzi anaijua kuliko yeye.

Kisha meneja akatangaza msako. Nguruwe walikuwa wamezidi, na wenye mashamba ya jirani walikubali kuleta watu na mbwa wao ili wawatoe wote kichakani kwa pamoja. Katika msako wa namna hiyo kuna mahali pamoja pa heshima, napo ni mdomo wa korongo, kwa sababu nguruwe wakikurupushwa hukimbilia humo na kutokea hapo. Anayesimama mdomoni ndiye anayepiga wakubwa. Moja-Tosha alikuwa amesimama hapo tangu shamba liwe shamba.

"Safari hii korongoni atasimama mama," meneja alisema mbele ya watu. "Chanda chema huvikwa pete. Na wewe, mzee mwenzangu, utakaa kando yake, juu ya ukingo, na ile bunduki ya mitutu miwili. Akitokea wa karibu sana, umsaidie."

Umsaidie. Moja-Tosha aliitikia kwa kichwa, akasema ni sawa kabisa, hata yeye alitaka kupendekeza hivyo. Alikufa na tai shingoni.

Kusafisha bunduki ilikuwa kazi yake, na hapo hakuna aliyemgombea. Mama Pacha alikuwa na jicho na mkono, lakini vitambaa na fito vilimchosha, akaviacha kwa mumewe kwa moyo mmoja. Huo ulikuwa msimu wa mvua, na msimu wa mvua bunduki hulazwa na mafuta ndani ya mtutu ili isishike kutu. Kabla ya kwenda nayo kazini ni lazima yatolewe. Unapitisha kitambaa kikavu kwa ufito, unakitupa, unapitisha kingine, mpaka kinachotoka kinafanana na kilichoingia. Usipofanya hivyo, mtutu wenye mafuta una hila yake: risasi ya kwanza huenda juu ya pale ulipolenga. Ya pili inakuta mafuta yameshaungua, inakwenda mahali pake kana kwamba hapakuwa na kitu. Ndiyo maana wawindaji wengi hupiga moja kichuguuni kwanza. Lakini siku ya msako hilo ni marufuku, kwa kuwa nguruwe wakisikia mlio mmoja tu asubuhi, mchana utawakuta wilaya nyingine.

Alasiri ya kuamkia msako, Moja-Tosha alitandika gunia barazani, akapanga vitu vyake. Alianza na risasi. Alizimimina kutoka kwenye mkebe, akazifuta moja moja, akatenga zilizobonyea na zile zilizoanza kufanya ukungu wa kijani shingoni. Nzuri kabisa, zile za kung'aa, alizitia kwenye mkanda wa mkewe. Kwa nini alifanya hivyo, hata yeye asingeweza kukuambia. Labda alitaka awe na kitu kimoja cha kujisifia.

Mama Pacha akaja na chai, akakaa kwenye kizingiti.

"Baba Pacha, mimi naona haya kusimama pahali pako."

"Haya za nini? Meneja ndiye aliyepanga."

"Meneja anapanga mahindi. Ukitaka nikatae, nakataa sasa hivi. Nitamwambia naumwa."

Hapo ndipo dunia ilipompa nafasi, tena kwa mkono wa kulia. Angesema tu, ndiyo, kataa, nafasi ile naitaka. Angeonekana mdogo kwa jioni moja, na asubuhi wangecheka. Lakini kuomba ndiko alikoshindwa. Kwamba apewe korongo kwa huruma ya mkewe, kama mtoto anayeachiwa ashinde mbio!

"Ukatae una kichaa?" akasema. "Nenda kasimame. Ukiona dume kubwa, usiharakishe."

"Na upepo?"

"Utakuwa unakuja usoni. Hapo pazuri."

Akamshukuru, akaingia ndani na vikombe. Moja-Tosha akaitwaa bunduki ya mkewe, akalitoa komeo lililofunga nyuma ya mtutu, akachungulia. Mafuta yalikuwa yamo. Akachukua ufito na kitambaa. Kitambaa alikichovya kwenye kopo la mafuta, akakipitisha polepole, mara moja, akairudisha bunduki kabatini na kufunga mlango wa chuma kwa ufunguo. Alichotaka ni kimoja tu: mkewe akose mbele ya watu. Akose, nguruwe apite zake, watu wagune, na mambo yarudi yalivyokuwa. Nguruwe mzima, mke mzima. Aliamini hivyo kabisa, na ndivyo wivu unavyofanya kazi: unakuonyesha nusu ya picha uliyoipenda, nusu ya pili unaikalia.

Msako ulianza jua likiwa limeshachomoza. Kelele zilitoka upande wa pili wa kichaka, mbwa, madebe, mluzi. Mama Pacha alikuwa amepiga goti mdomoni mwa korongo, kanga imekazwa kiunoni. Moja-Tosha alikuwa juu ya ukingo, kuliani kwake, na ile bunduki fupi ya mitutu miwili. Alimwona mkewe akifungua komeo, akaingiza risasi ya kung'aa, akafunga. 

Walitoka majike na watoto wao kwanza, na Mama Pacha akawaacha wapite, kama alivyofundishwa. Nyuma yao likatoka dume. Lilikuwa kubwa, jeusi, matope mpaka masikioni, na halikuwa na haraka. Mama akalenga, pumzi nusu, akabana.

Moja-Tosha aliona manyoya yakiruka juu ya mgongo. Palikuwa juu ya bega, pahali pasipoua mnyama bali pa kumwamsha hasira. Dume liliyumba, likageuka, likaja.

Mwenye kukosa kabisa hupata muda. Mwenye kujeruhi hapati. Mama Pacha alikuwa amefika nusu ya kuvuta komeo pale dume lilipomfikia, likamtupa ubavuni na kumchana paja kwa meno yake. Moja-Tosha hakukumbuka kushuka ukingo. Alijikuta ameshafika, mitutu yote miwili imegusa ubavu wa dume, na masikio yake yanalia.

Wakati watu wanafika, dume limelala, mama amekaa damu inamtoka, na mumewe amemfunga paja kwa shati lake.

"Moja-Tosha amerudi!" mtu akapiga kelele, na wengine wakadakia. Wenye mashamba wakampa mkono mmoja mmoja. Mmoja wao, mtu wa kitambi, akatikisa kichwa akimtazama mama akipakiwa kwenye tela. "Ndiyo hayo," akasema. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Jina lilikuwa limerudi. Alilisikia likiitwa kutoka kila upande, na safari hii hakutaka liitwe tena.

Zahanati walimshona mama, wakamrudisha nyumbani akae kitandani. Na hapa tuseme ukweli wa mtu huyu, maana wivu hauondoki kwa sababu umepata ulichotaka. Wageni walipoanza kumiminika, kila mmoja na tunda lake, na meneja alipoleta kiti kizuri cha mikono kutoka nyumbani kwake, Moja-Tosha alisimama mlangoni akiwakaribisha, akawaza: hata kuumia amenishinda. Wazo hilo lilipita haraka, lakini lilipita, na aliijua sura yake.

Shemeji mtu alikuja akiwa amebeba ndizi. Alijaribu mzaha. "Dada, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, sivyo?"

Mama Pacha hakucheka. "Nilivuta vibaya," akasema.

Alilisema hilo kwa kila mgeni. Nilivuta vibaya, nilishusha bega, niliharakisha. Wageni wakiondoka, alikaa kwenye kile kiti, akanyoosha mkono mtupu kuelekea ukutani, jicho moja limefumba, akatoa pumzi nusu na kukunja kidole. Halafu akatikisa kichwa, akaanza upya. Moja-Tosha alimkuta hivyo asubuhi, akamkuta hivyo mchana. Mtu yule alikuwa anatafuta kosa katika mkono wake mwenyewe, mkono usio na kosa, na alilitafuta kwa uaminifu kiasi kwamba karibu angelipata.

Jeraha lilipoanza kufunga, aliomba apelekwe kwenye kichuguu. Moja-Tosha akamwekea kopo, karibu, pale alipoanzia. Mama akalenga. Kidole kilipoanza kubana, akafumba macho yote mawili. Risasi ikapiga udongo. Akajaribu tena, akafumba tena. Akamrudishia mumewe bunduki, komeo likiwa wazi.

"Imetosha," akasema. "Mwambie meneja akirudishe kibali. Mimi naogopa."

Walirudi nyumbani. Alipomsaidia kukaa kwenye kile kiti barazani, Moja-Tosha hakuweza tena.

"Mama Pacha, hukukosea. Mtutu ulikuwa na mafuta."

Akamtazama, kisha akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu msako. Akamshika mkono. "Baba Pacha, usinibembeleze. Unajitwika kosa langu ili nipone. Wewe utasahau mafuta? Wewe?"

Moja-Tosha aliona njia imefunguka, pana, laini. Angenyamaza tu, angekuwa mume mwema mpaka kufa.

"Sikusahau," akasema.

Mkono wake ulikuwa bado umeshikwa. Alisikia vidole vya mkewe vikilegea kimoja kimoja.

"Sikusahau. Niliongeza. Nilikuonea wivu." Akameza mate. "Walikupa jina langu, wakakupa na korongo. Nilitaka ukose. Ukose tu, basi."

 Mama Pacha alitazama uwanjani, kuku wanapekua taka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ya kuuliza upepo.

"Pale korongoni, nguruwe hutokea wapi?"

"Mdomoni."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na mimi uliniweka wapi?"

Moja-Tosha akataka kusema ni meneja aliyemweka. Neno lilifika kwenye meno, akalirudisha.

"Mdomoni," akasema.

"Nilikuuliza nikatae. Ukaniambia nenda."

 Mkewe akanyoosha kiganja, na yeye akajua kinachotakiwa bila kuambiwa. Akautoa mfukoni ufunguo wa kabati la chuma, akauweka pale.

Kwa siku kadhaa walizungumza mambo ya chumvi na maji. Kisha habari zikaja kwamba kundi jingine la nguruwe limeingia mahindini, na meneja akaita watu. Jioni hiyo Mama Pacha alijivuta mpaka barazani, akatandika gunia, akapanga fito na vitambaa.

"Kesho utasimama korongoni wewe," akasema bila kuinua uso. "Bunduki nitaisafisha mimi."

Moja-Tosha akasema haya. Akaenda kukaa uani, mgongo ameugeuzia baraza, akasikia ufito ukiingia na kutoka, ukiingia na kutoka. Alijaribu kuhesabu vitambaa kwa kusikiliza, akapoteza hesabu. Alijiambia huyu ni mke wake, mama wa watoto wake. Akajiambia pia kwamba yeye alikuwa mume wake.

Asubuhi Mama Pacha alimkabidhi bunduki mlangoni, komeo limefungwa, na mkanda wa risasi. Akamtakia kazi njema. Moja-Tosha akaitundika begani, akavuka uwanja. Trekta lilikuwa linanguruma, shemeji yake anapiga honi. Bega lilimwasha pale mkanda wa bunduki ulipolala. Akalizunguka tela upande wa pili, mahali ambapo hakuna mtu, akajifanya anakaza kamba ya kiatu. Kisha akaishusha bunduki haraka, akalitoa komeo, akauinua mtutu kuelekea mwanga, akaweka jicho.

Ulikuwa mkavu. Ulikuwa safi kuliko yeye alivyowahi kuusafisha, mifereji yake inazunguka na kung'aa mpaka mwisho, hakuna hata uzi wa kitambaa.

Alipoushusha, mkewe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameegemea fimbo. Alikuwa amekuja kwa njia ya jikoni.

"Umeuona uko safi?" akamuuliza.

"Uko safi."

"Siku ile mimi sikuchungulia, Baba Pacha," akasema. "Nilijua umesafisha wewe."

Akageuka, akarudi ndani akichechemea, na Moja-Tosha akabaki nyuma ya tela, komeo mkononi.